Sifa za Wabebeshaji

Ukila tufaha tamu ukaziotesha mbegu zake, usitegemee kuvuna tufaha lile lile. Ua la mtufaha huhitaji chavua ya mtufaha wa aina nyingine, kwa hiyo kila mbegu hutoka na tabia zake, na miti mingi ya mbegu huzaa matunda madogo, makali, yasiyolika. Kwenye asili ya mtufaha, misitu ya milima ya Tian Shan nchini Kazakhstan, alikofika mtaalamu wa mimea Nikolai Vavilov mwaka 1929, matufaha hubadilika rangi na ladha mti kwa mti.

Aina zenye majina zimetufikia kwa kisu. Ni kazi ile ile ya kubebesha wanayoifanya wakulima wetu wa maembe. Kikonyo, yaani kijitawi cha mti unaotakiwa, kinene kama penseli, hukatwa mshazari kwa pigo moja, na shina la kukipokea hukatwa vivyo hivyo. Kisha majeraha mawili hukutanishwa, utando wa kijani ulio chini ya gome ugusane na mwenzake, yakafungwa kwa nailoni kabla hayajakauka. Kisu butu husaga, hakikati, na kikonyo hufa. Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Kuizoesha mikono ndiko kunakochukua miaka.

Mwaka 1809, huko Southwell, Uingereza, msichana Mary Ann Brailsford alipanda mbegu za tufaha. Mche mmoja ukaja kuzaa matufaha makubwa, makali, mazuri ajabu kwa kupika. Baadaye nyumba ile ilinunuliwa na mwenye bucha, Matthew Bramley. Mwaka 1856 kijana Henry Merryweather alimwomba vikonyo; akapewa kwa sharti kwamba tufaha liitwe Bramley. Dhuluma hiyo, nasema mimi: aliyepanda hakuambulia hata jina. Ila kila Bramley linalopikwa leo limetoka kwenye mti ule mmoja, shina hadi shina, mkono hadi mkono.

Huko Brogdale, katika jimbo la Kent, Uingereza, hutunzwa aina zaidi ya 2,000 za matufaha, zote zikiwa miti hai. Bila wabebeshaji, zingekufa na miti yake ya kwanza.

Nawe uliye nyanda za juu, ukitaka kupanda Anna, aina iliyozalishwa Israeli isiyodai baridi kali, achana na mbegu. Nunua mche uliobebeshwa, na usimpunje aliyeubebesha.