Chumba cha 3600 kwa 3000: kuchora kwa kipimo, si kwa jicho

Anayeanza kujifunza AutoCAD huanza na kipanya. Anabofya hapa, anavuta hadi pale, mstari unatokea. Baada ya muda mfupi ana chumba chenye kuta nne na mlango, na kwenye kioo kinapendeza kabisa. Kisha anaiomba programu imjazie ukuta kwa mistari ya kuonyesha tofali, nayo inakataa, kwa sababu kuna kona ambayo haijafungwa. Anaitazama kona ileile na kuiona imefungwa.

Tufanye hesabu. Skrini nyingi zina nukta 1920 kwa upana. Ukikitandaza humo chumba na nafasi inayokizunguka, jumla mita 6, nukta moja inabeba milimita 3 na ushei. Ukirudi nyuma uone kiwanja cha mita 30, nukta moja inazidi milimita 15. Pengo dogo kuliko hapo halionekani, hata mchoraji awe na macho makali kiasi gani. Kwa hiyo kosa si la mkono kukosa mazoezi. Njia yenyewe haifai, na mazoezi ya kubofya kwa kukadiria hayataiponya.

Njia inayofaa ni kuandika kipimo. Tuchore chumba kimoja cha kulala, ndani milimita 3600 kwa 3000, ukuta wa tofali la inchi 6, yaani milimita 150. AutoCAD huhesabu vizio tu. Mchoraji ndiye anayeamua kizio kimoja ni milimita au mita, na uamuzi huo hufanywa kabla ya mstari wa kwanza.

Andika L, bonyeza Enter, kisha 0,0. Hiyo ni kona ya chini kushoto. Fuatisha @3600,0 halafu @0,3000 halafu @-3600,0, na mwisho C ili umbo lijifunge. Alama ya @ ina maana "kuanzia hapa nilipo", si kuanzia sifuri ya mchoro. Ukiisahau wakati Dynamic Input (kitufe cha F12) imezimwa, mstari wa pili utakimbilia mahali usipopatarajia. F12 ikiwa imewashwa, programu yenyewe huchukulia kwamba unahesabu kutoka ulipo. Tofauti hii inawachanganya wengi wanaohama kompyuta moja kwenda nyingine, na mwalimu aieleze siku ya kwanza. Mstari wa mshazari nao una namna yake: @3600<30 ni urefu wa 3600 kwenye nyuzi 30, zikihesabiwa kutoka upande wa kulia kwenda kinyume cha saa.

Sasa unene wa ukuta. Amri ya OFFSET, kwa kipimo cha 150, inatoa mstari pacha upande wa nje wa kila ukuta. Hapa ndipo palipo na somo zuri. Mistari pacha inatoka na urefu uleule wa ile ya ndani, kwa hiyo kona za nje zinabaki wazi, kila mstari ukipungukiwa na 150 kila upande. Usiivute kwa mkono. Tumia FILLET yenye nusu kipenyo cha 0, gusa mistari miwili, nayo itarefushwa hadi ikutane kwenye ncha moja kamili. Ukimaliza kona zote nne, nje ni 3900 kwa 3300.

Mlango wa 900 unafuata kanuni hiyohiyo. Toa mstari pacha wa 150 kutoka uso wa ndani wa ukuta wa kushoto, kuelekea chumbani, kisha mwingine wa 900 kutoka huo. Irefushe yote miwili kwa EXTEND mpaka uso wa nje wa ukuta wa chini, halafu kata visivyotakiwa kwa TRIM. Hakuna hata sehemu moja uliyokadiria. Unapolazimika kubofya, OSNAP ya kitufe cha F3 iwe imewashwa, idake ncha, katikati au makutano ya mistari.

Wazo hili la kudaka ni la kale kuliko AutoCAD, iliyotoka Desemba 1982. Ivan Sutherland alipowasilisha Sketchpad pale MIT mwaka 1963, kalamu yake ya mwanga ilipokaribia mstari au nukta, kompyuta ilichukulia kuwa iko juu yake hasa. Mchoro wa ovyoovyo uliweza kuamriwa mistari yake iwe sambamba au ikutane kwa pembe mraba. Tangu mwanzo fani hii haikuutegemea mkono wa mtu kwa usahihi.

Skeli huja mwishoni. Chora kila kitu kwa ukubwa wake halisi, kisha kwenye ukurasa wa kuchapisha weka 1:50 au 1:100. Karatasi ya A3 kwa 1:50 inabeba mita 21 kwa 14.85, na nyumba nyingi za kawaida zinatosha humo. Anayegawanya vipimo kwa 50 kichwani anajiongezea kazi na makosa.

Kabla ya kumpa fundi ramani, pima mshazari kwa amri ya DIST, kona ya ndani hadi kona ya ndani. Chumba chetu kinapaswa kutoa 4686.15 pande zote mbili, na eneo la ndani mita za mraba 10.8. Fundi mwenyewe hupima mishazari kwa kamba anaposeti msingi, na ramani istahili kipimo hichohicho.

Nawaomba wanaofundisha: fundisheni kuandika vipimo kwanza, vitufe vya picha vije baadaye. Na asiye na leseni ya AutoCAD asisubiri. LibreCAD ni ya bure, na @3600,0 inaielewa vilevile.