Ufundi wa Mwendo wa Pole

Masaki ninayoizungumzia si ile ya Dar es Salaam yenye mabalozi na mahoteli. Ni Masaki ya Kisarawe, ya mikorosho na mihogo. Huku mtu mzima akionekana barabarani asubuhi bila mzigo kichwani, wala haendi mazikoni, bodaboda humwonea huruma: "Shikamoo bibi, panda tu, nauli siku nyingine." Kumweleza kijana yule kwamba unatembea kwa sababu umependa kutembea ni kazi kubwa kuliko kupanda kilima.

Mimi nashikilia kwamba kutembea masafa marefu ni ufundi, tena unawafaa zaidi waliovuka sitini. Kijana ana nguvu ila hajui kuzigawa. Ndiyo maana kule Kilimanjaro waongoza watalii hushinda wakiwaimbia wageni "pole pole". Mwaka 2019 Anne Lorimor, bibi wa Kimarekani mwenye miaka 89, alikifikia kilele cha Uhuru, mita 5,895. Mwalimu Nyerere naye hakuwa kijana: alikuwa na miaka 45, tayari ni Rais, alipotembea kutoka Butiama hadi Mwanza mwaka 1967 kuliunga mkono Azimio la Arusha, zaidi ya kilomita 200. Miguu ile ilikuwa imeshazoea: alipokuwa mwalimu pale Pugu, jirani zetu, hadi 1955, safari zake za kwenda mjini kwenye siasa husimuliwa hadi leo kuwa za miguu.

Mtazame mzee wa huku anavyokwenda. Hatua ni fupi. Kwenye mchanga anakanyaga kwa unyayo wote, hachimbi kwa vidole. Fimbo anaishika kwa mkono wa upande wa goti zima, nayo inakwenda pamoja na mguu wenye goti bovu. Kwenye mteremko ndipo anapopunguza mwendo kabisa, maana magoti huumia wakati wa kushuka. Kipimo chake cha kasi ni salamu: akipigiwa shikamoo na kushindwa kuitika "marahaba" kwa pumzi moja, basi amejipeleka mbio.

Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki, pamoja na yale ya kujenga nguvu na kuimarisha usawa wa mwili ili wasianguke. Sawa. Lakini mjane aliyemaliza eda, miezi minne na siku kumi, hatafuti dakika. Nyumba imemwelemea. Akishika njia ya kuelekea Maneromango, kila baraza linamsimamisha: pole na msiba, karibu maji, ilikuwaje? Anasimulia. Nyumba ya mbele anasimulia tena. Mwanzoni sauti inakatika. Baada ya masika mawili anaweza kulitaja jina la marehemu na hata kucheka alivyokuwa mbishi. Sijaona dawa inayofanya hivyo, na ninaamini ni ile njia ndefu ndiyo inayoponya, kwa sababu ina mabaraza mengi.

Mwenye presha au kisukari apite kwanza zahanati. Raba ziwe na nafasi mbele, kofia isisahaulike. Na nyinyi mnaochonga barabara zetu: acheni ukingo wa kutosha wa waenda kwa miguu. Malori ya mchanga hayamwoni mzee mwenye fimbo.