Neno Linalotangulia

Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo walitembea kwa mstari mrefu, na wa nyuma hakumwona kirangozi aliyetangulia na bendera. Hivyo maneno yalisafiri pamoja na mizigo. Aliyeona mwiba alipaza sauti, "Mwiba!", aliyemfuata akalipokea neno hilo na kulipitisha, likamfikia wa mwisho kabla unyayo wake haujafika pale. Penye njia panda, njia isiyo yao ilizibwa kwa vijiti. Katika misafara hiyohiyo walikuwemo waliofungwa minyororo, wengi wao wasijue waendako, na kutojua huko kulikuwa mateso juu ya mateso.

Ufundi wa wale wapagazi nauona leo kwa mhudumu wa ndege anayeijua kazi yake. Dash 8 Q400, ndege ya pangaboi ambayo Air Tanzania imekuwa ikiitumia kwenda Tabora, ina viti 76, na ni ndege isiyoficha mambo yake. Bawa liko juu ya dirisha, kwa hiyo anayeketi usawa wa injini huona magurudumu yakikunjwa na kukunjuliwa mbele ya macho yake. Muda mfupi baada ya kupaa, rubani hupunguza mzunguko wa pangaboi na mlio hushuka ghafla. Mwenye hofu husikia injini imekufa. Angeambiwa kabla, angesikia kitu kingine kabisa.

Wengi humwambia, "Usiogope, hakuna kitu." Silipendi neno hilo. Tangu tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba na watu 19 wakafariki, hofu ya abiria wetu ina tarehe na ina makaburi. Huwezi kuifuta kwa kuikana.

Nilimwona binti mmoja mhudumu akifanya vingine, mchana wa Oktoba, wakati jua limeichoma nchi ya Unyamwezi na hewa ya moto inapanda na kuirusharusha ndege. Alichuchumaa kando ya mama mzee aliyeng'ang'ania kiti.

"Shikamoo mama. Tukianza kushuka tutatikisika, ni joto la huko chini. Ni kama dakika kumi hivi. Mimi nitakaa pale mbele, utaniona."

"Marahaba mwanangu. Na ikizidi?"

"Niangalie mimi."

Alimpa sababu, muda, na mahali pa kuweka macho. La tatu ndilo gumu, maana uso wa mhudumu husomwa na kila mtu, na uso uliokunjamana hulibatilisha tangazo zuri. Mtikisiko ulipokuja, yule mama alimtazama binti, binti naye akamtazama yeye, si simu wala dari.

Kinachonisumbua zaidi ni pale rubani anapoghairi kutua na kupaa tena. Ni utaratibu wa kawaida, lakini marubani huwa na kazi nyingi wakati huo, na ukimya ndani ya ndege hurefuka. Mhudumu aruhusiwe kuuvunja kwa sentensi mbili: tunazunguka, tutajaribu tena. Vyuo vinavyowafundisha wahudumu kufungua mlango wa dharura viwafanyishe na mazoezi ya sentensi hizo, kwa Kiswahili kwanza, mpaka ziwatoke bila kusoma karatasi.