Taa Isiyopaswa Kuwaka

Ukitaka kujua gari la zamani limelelewa na nani, usiangalie rangi wala tairi. Inua boneti utazame vichwa vya betri. Hayo nimeyapata kwa mzee mmoja wa Kakuma, fundi wa umeme wa magari, ambaye karakana yake ni kivuli cha mgunga karibu na laga ya Tarach, mto wa msimu.

Nilimkuta ameletewa Land Rover ya miaka ya sitini, mali ya mfanyabiashara wa Lodwar asiyetaka kusikia habari za kuiuza. Ilikuja ikivutwa kwa kamba. Ukizungusha ufunguo inalia tak, basi. Dereva alikuwa ameshanunua betri mpya, na hiyo mpya nayo ikalia tak. Vijana waliokuwa hapo hawakuhitaji kufikiri: "Toa hiyo swichi, mzee, piga dairekti." Swichi yenyewe ni ile ya kukatia betri, yenye kishikio chekundu, inayokaa kati ya betri na gari.

Mzee alitoa mfukoni balbu ya indiketa aliyoilehemu nyaya mbili. Hana mita, na sikumsikia akiitamani. Waya mmoja akaugusisha kwenye bolti moja ya swichi, wa pili kwenye bolti nyingine, swichi ikiwa imewashwa. "Piga stata, baba." Balbu ikawaka. Vijana wakafurahi, kwa maana waliofundishwa ni kwamba taa ikiwaka moto unapita. Yeye akatikisa kichwa. Swichi nzima haiachi hata chembe ya moto wa kuiwasha taa ile, wote hupita ndani yake hadi kwenye stata. Ikiwaka, umeme umezuiliwa mlangoni. Kisha akagusa bolti zote mbili kwa kidole cha shahada. Moja ilikuwa ya moto kuliko mwenzake, na huko ndiko alikoanzia kufungua.

Ndani, vibamba vya shaba vilikuwa vimeungua weusi, na vumbi la njia limechanganyika na grisi likawa uji mgumu. Akavisugua kwa msasa laini, polepole, akavielekeza juani kuona kama vinang'aa sawasawa. Akaivuta springi kidogo ili ikandamize vizuri. Grisi aliipaka nje tu, kuzuia kutu. Alipomaliza swichi hakurudisha boneti. Alifuata waya wa ethi hadi unapofungwa kwenye chesisi, akafungua nati, akakwangua rangi chini yake mpaka chuma kikaonekana. "Wengi huishia kwenye swichi," aliniambia, "na ugonjwa umelala huku."

Kuna jambo jingine ambalo halimo katika vichwa vya vijana. Land Rover za kabla ya 1967 nyingi zilitoka kiwandani zikiwa na chanya kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Anayefunga nyaya kwa mazoea huichoma redio kabla ya chai kupoa. Mzee huuliza kwanza gari ni la mwaka gani, na kama kuna fundi aliyewahi kuligeuza, ndipo ashike spana.

Huku Turkana, swichi hii haikuwa pambo. Joto la Lodwar huua betri mapema, na mawimbi ya barabara hulegeza kila nati. Lami iliyofadhiliwa na Norway miaka ya 1980 kutoka upande wa Kapenguria ilikuja kuchakaa, na kati ya Lodwar na Kakuma madereva walikimbilia vichakani, wakaona afadhali mchanga kuliko mashimo. Misafara ya misaada ya kwenda Sudan ilianza kupitia Lokichoggio mwaka 1989, na kambi ya Kakuma ikafunguliwa 1992. Magari yalikuja na redio za masafa marefu zilizonyonya betri hata gari likiwa limelala. Aliyekata swichi jioni ndiye aliyeondoka asubuhi. Ninavyoona mimi, mafundi wa umeme wa huku walizaliwa na misafara ile, ingawa hakuna aliyewaandika popote.

Leo dairekti imekuwa dawa ya kila ugonjwa. Waya mnene unarukishwa juu ya swichi, unafungwa kwa utepe mweusi, gari linawaka, pesa inalipwa. Siku shoti ikitokea, hakuna pa kukatia moto. Betri isiyo na kosa inauzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na asidi yake nimeiona ikimwagwa mchangani, mbuzi wakipita kando. Mzee ana mwanafunzi mmoja tu, naye macho yake yako kwenye pikipiki, ambako pesa haisubiri msasa.

Nilipofika Lodwar nilizunguka maduka ya vipuri nikitafuta swichi ya skrubu, ile inayofunguka, nimpelekee akiba. Zote zilikuwa za plastiki iliyozibwa, hazina mahali pa kuingiza bisibisi. Muuzaji aliniangalia kwa huruma. "Za kufungua haziji tena, ndugu. Chukua hizi mbili kabisa, moja ikikufia utakuwa na nyingine."