Hekalu la Makindu

Hekalu la Makindu, kaunti ya Makueni, lilijengwa mwaka 1926 na Wasikh waliofanya kazi kwenye reli ya Uganda. Wapita njia wengi huliita la Wahindu; kwa hakika ni la Wasikh, yaani Makalasinga, na dini hizo mbili ni tofauti. Ndani hakuna sanamu: kinachoheshimiwa ni kitabu kitakatifu, Guru Granth Sahib, kilichowekwa juu ya jukwaa lenye mapambo.

Mgeni huvua viatu, hunawa mikono na kufunika kichwa. Vitambaa vipo kwa asiye na chake. Sigara, pombe na nyama haviingii.

Sifa kubwa ya mahali hapa ni jiko lake. Msafiri wa barabara ya Nairobi na Mombasa, awe wa dini yoyote, huketi akala chapati, dengu na mboga, akanywa chai ya maziwa, bila kudaiwa hata shilingi. Desturi hiyo, langar, ilianzishwa na Guru Nanak huko Punjab zaidi ya miaka 500 iliyopita. Vyumba vya kulala navyo vipo. Sanduku la sadaka lipo pia, ila hakuna anayelisimamia.