Alama ya Kalamu Ubavuni mwa Mrija

Kabla ya kuwasha mashine inayozungusha mirija kwa kasi, mpimaji huchukua kalamu ya wino mzito na kutia alama ubavuni mwa mrija, upande utakaoelekea nje ya rota. Hapo ndipo mashapo yatakapojikusanya, na mara nyingi hayaonekani kwa macho. Asipoweka alama, anaweza kumwaga kazi ya siku kadhaa kwenye sinki.

Anachotafuta ni eksosomu: vifuko vyenye utando wa mafuta, upana wake nanomita 30 hadi 150 hivi, ambavyo seli huvitoa nje vikiwa vimebeba protini na RNA. Vya seli shina za mesenkima, zinazopatikana katika uboho na mafuta ya mwili, vilipata umaarufu zaidi baada ya watafiti wa Singapore kuonyesha mwaka 2010 kwamba hupunguza jeraha la moyo kwa panya.

Kazi huanza kwenye chakula cha seli. Seramu ya ng'ombe inayotumika kuzikuza ina eksosomu zake, na mashine haitambui kipi cha ng'ombe na kipi cha binadamu. Kwa hiyo seramu huondolewa kabisa, au huzungushwa kwanza usiku kucha ili isafike. Majimaji yakishavunwa huzungushwa kwa ngazi: kwa kani mara 300 ya uvutano wa dunia, seli huanguka, mara 2,000, seli zilizokufa, mara 10,000, mabaki makubwa. Mwisho ni mara 100,000, kwa zaidi ya saa moja. Mirija inayokabiliana kwenye rota hupimwa uzito na kusawazishwa tone kwa tone, kwa kuwa kwa kasi hiyo rota iliyoelemea upande mmoja inaweza kuharibu mashine nzima.

Mashine ikisimama, mpimaji humwaga maji taratibu, alama ikiwa juu. Kisha huelekeza ncha ya pipeti palepale penye alama, na kwa maji kidogo ya chumvi ya fosfeti huvuta na kusukuma, polepole, bila kufanya povu.

Sasa ndipo kupima. Maji ya chumvi hutangulia kupita peke yake kwenye chemba ya kifaa chenye leza na kamera. Yakionyesha nukta za mwanga, hayafai. Sampuli huzimuliwa mara mia, mara elfu, pengine zaidi. Ikiwa nzito mno, njia za nukta hupishana na kuchanganyana; ikiwa nyepesi mno, hakuna cha kuhesabu. Leza ikiwaka, kwenye skrini hutokea nukta nyeupe zinazotetemeka kama vumbi kwenye mwali wa jua dirishani. Eksosomu yenyewe haionekani, ni mwanga unaotawanywa nayo tu. Lakini ndogo hurukaruka upesi na kubwa husogea kivivu, na kwa mlinganyo alioutumia Einstein mwaka 1905 mwendo huo hugeuzwa kuwa kipenyo. Mlinganyo unadai joto na unato wa maji, hivyo joto likiandikwa vibaya, vipenyo vyote hukosewa.

Hapa jicho la mzoefu ndilo linalofanya kazi. Akipunguza usikivu wa kamera, vifuko vidogo hupotea. Akiuongeza kupita kiasi, vivuli huhesabiwa kuwa vifuko. Husogeza kidogo, hutazama, husogeza tena. Hurekodi sekunde 60, husukuma sampuli mpya ndani, hurekodi tena.

Tone jingine huenda kwenye hadubini ya elektroni. Huwekwa juu ya wavu wa shaba wenye upana wa milimita 3, huachwa dakika chache, kisha maji hunyonywa kwa ukingo wa karatasi ya kuchujia na chumvi ya urani hutiwa. Kwa miaka mingi picha hizi zilionyesha vikombe, na watu wakaamini eksosomu ina umbo la kikombe. Kumbe ni kukauka kulikozibonyeza: zikigandishwa ghafla huonekana mviringo.

Kukauka huko kunaweza kuzisinyaza pia, ilhali leza hupima kifuko pamoja na tabaka la maji kinalotembea nalo. Basi namba hizi mbili hazilazimiki kulingana, na mpimaji hodari hazilazimishi. Huandika zote, kando yake joto, kiwango cha kuzimua na usikivu wa kamera. Ripoti yenye kipenyo kimoja tu, bila hayo, mimi huisoma kwa mashaka.