Fundi wa Barua Zilizofika Mara Mbili

Msimu wa korosho ukifunguliwa Nachingwea, karani wa chama cha msingi hana nafasi ya kubembeleza kompyuta. Barua pepe ya mnada imeingia mara mbili, ya bei mara tatu. Anafuta. Kesho zinarudi, anafuta tena. Kijana wa stesheneri anamshauri afungue anwani mpya. Ndivyo tulivyozoea siku hizi, na inaniuma.

Fundi ninayemsifu hafuti. Huziweka nakala mbili bega kwa bega, akafungua yale maandishi ya juu ambayo wengi hatujawahi kuyatazama, akasoma taratibu. Huanza na kitambulisho cha ujumbe. Kikitofautiana, aghalabu mtumaji ndiye aliyetuma mara mbili. Kikiwa kimoja, hushuka kwenye mihuri ya seva: nyakati zikifanana hadi sekunde, barua ilifika mara moja na kompyuta yetu ndiyo iliyoichukua mara mbili, zikiachana, ilirudiwa njiani.

Nikimtazama, namkumbuka mzee wa masijala enzi za majalada. Barua haikupita mezani kwake bila muhuri wa tarehe, namba ya folio na mstari katika rejesta. Nakala ya pili ikija, hata kwa tarishi mwingine, aliijua. Alifungua rejesta, akateremsha kidole mpaka kwenye mstari wake, akaandika pembeni namba ya folio ya kwanza. Hakuchana kitu. Kisha aliuliza swali ambalo siku hizi silisikii: kwa nini wametuma tena? Hawakupata jibu letu?

Swali hilo ndilo kiini cha ufundi huu. Mwaka 1988 mtaalamu wa mitandao Craig Partridge alieleza kwamba seva ikichelewa kukiri kupokea, mtumaji hudhani barua imepotea, akaituma upya. Na kwa kanuni ya mwaka 1996 ya POP3, utaratibu wa programu kuchukua barua kutoka kwenye seva, seva hufuta barua zilizotiwa alama ya kufutwa baada tu ya programu kuaga. Umeme au mtandao ukikatika kabla ya hapo, zinabaki zote, na programu isiyotunza kumbukumbu huzibeba upya.

Wanaojua kusoma mihuri ya seva wanapungua, nasi hatumpeleki kijana yeyote akajifunze kwao. Ndugu zangu makarani wa Nachingwea na Ruangwa, barua ikifika mara mbili, msifute hata moja kabla fundi hajaziona zote.